Kwenda Kibaha Kuulizia Leseni ya Binti

Niliondoka Masaki, kijijini kwetu Kisarawe, kwenda Kibaha kwa sababu moja tu: kuhakikisha binti yangu Rehema havunji sheria. Sababu hiyo ilidumu kwa muda wa karibu saa mbili.

Rehema ametimiza miaka kumi na minane. Amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Mimi ni mkulima wa mihogo, na nina kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ninakobebea mihogo yangu na ya majirani kwenda Kisarawe mjini. Mgongo umeanza kunisumbua, nikaona apatikane mtu wa kunipokea usukani. Nilimwambia Rehema ajifunzie pale pale shambani, kwenye njia ya katikati ya mikorosho. Akakataa.

"Baba, sina leseni ya kujifunzia."

Nilicheka siku ile mpaka nikakohoa, na kwa wiki nzima nikawasimulia watu kijiweni jinsi binti yangu anavyoogopa kukamatwa na trafiki wa mikorosho.

Mke wangu, Mwanaidi, hakucheka. Kule Chole, humu humu wilayani kwetu, kijana mmoja alikuwa amechukua gari la baba yake bila leseni, akaenda kugonga ukuta wa duka, na watu wa bima wakagoma kulipa. Baba mtu akabaki na gari bovu na mwenye duka mwenye hasira. "Usimpe mtoto ufunguo mpaka ujue bima inasemaje," Mwanaidi akaniambia.

Nikaulizia Kisarawe. Dereva wa bodaboda alisema umri wa kuendesha gari ni miaka kumi na sita. Fundi gereji akasema ishirini na moja. Rafiki yangu muuza vipuri akasema umri si kitu, kikubwa ni kufahamiana na watu. Wote watatu walikuwa na uhakika. Basi nikaamua kwenda Kibaha, makao makuu ya mkoa wetu, ambako pia anaishi dada yangu Mwajuma.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliwasha gari. Rehema alikaa kando yangu, kafunga mkanda, kapakata daftari aliloandikia maswali yake. Mimi sikuwa na daftari. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili barabarani, nikaona inatosha.

Kutoka Kisarawe mjini tulishika njia ya ndani inayotokea Kiluvya. Vumbi lilikuwa jingi na makorongo yaliachwa na mvua pale pale yalipo kila mwaka. Huko ndiko nilikomhutubia. Nilimwambia gari si mchezo, nikamwambia sheria ni sheria, nikamwambia madereva wengi siku hizi ni wababaishaji tu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka tulipokata kona.

"Baba, hujawasha indiketa."

"Nimuwashie nani hapa? Mbuzi?"

"Kitabu kinasema uwashe."

Nikawasha, ili mbuzi wajue tunakwenda wapi.

Saa mbili kasoro tulitokea Kiluvya, kwenye barabara kuu ya Morogoro. Hatujaenda mbali, askari wa usalama barabarani, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, akatupungia tusimame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Naomba leseni."

Nilimpa kwa moyo mkunjufu, na sijui nani alinituma kuongeza maneno. "Nampeleka huyu binti yangu akaulizie ya kwake. Mimi sipendi ubabaishaji."

Askari aliitazama leseni mbele, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Mzee, hii imekwisha muda. Inatimiza miaka miwili sasa."

Nilimwambia haiwezekani, kwa sababu naitoa na kuitazama mara kwa mara. Ni kweli huitazama. Ila ninachotazama ni picha, maana pale nilikuwa bado na nywele. Tarehe zimeandikwa pembeni na sikuwahi kuwa na shughuli nazo.

"Kuna mwingine mwenye leseni humu ndani?" akauliza.

"Hayupo, afande," Rehema akajibu. "Mimi ndiyo kwanza nakwenda kuulizia."

Askari akakaza midomo asicheke, akaniandikia kosa langu, kisha akasema gari haliondoki pale mpaka aje mtu mwenye leseni. Nikashuka, nikasimama kando ya barabara. Malori ya mikoani yalikuwa yakipita, kila moja na dereva wake halali, au angalau hivyo ndivyo nilivyoyaona asubuhi ile.

Sikuwa na wa kumpigia ila dada Mwajuma. Hapa inanibidi nikiri jambo. Dada yangu ni nesi mstaafu, kanizidi miaka kumi na moja, na huendesha gari polepole sana. Kwa miaka mingi, kwenye harusi na shughuli za ukoo, nimekuwa nikichekesha watu kwamba Mwajuma akiwa barabarani utadhani anasindikiza jeneza. Alifika baada ya nusu saa, juu ya bodaboda, kofia ngumu juu ya mtandio. Leseni yake aliitunza kwenye mfuko wa nailoni. Askari akaikagua, akampigia saluti ndogo.

"Salumu," dada akaniambia, "sogea huko."

Nikasogea. Rehema akapanda katikati yetu. Tulikwenda mpaka Maili Moja, Kibaha, kwa mwendo ambao hata baiskeli ya muuza mkaa ilitupita, na mwenye baiskeli akatusalimia.

Maili Moja, saa nne, tulifika kwa wakala wa bima, bwana mmoja mtaratibu mwenye ofisi ndogo na feni kubwa. Rehema akafungua daftari lake na kuanza kuuliza. Mtu wa miaka kumi na minane anaruhusiwa kuendesha gari? Anaruhusiwa, bwana yule akajibu, lakini sharti aanze na leseni ya kujifunzia, asome shule ya udereva, afaulu mtihani mbele ya trafiki, ndipo apate leseni kamili. Bima itamtambua? Itamtambua, mradi leseni yake iwe hai na ya daraja la gari hilo. Ila kampuni nyingine zina masharti yao kwa dereva mgeni, kwa hiyo asome mkataba kabla ya kushika usukani. Na hii bima ndogo ya baba inalipa nini?

"Inalipa hasara ya yule mliyemgonga," alisema. "Gari lenu mtajitengenezea wenyewe. Mkitaka na lenu litengenezwe, mkate bima kubwa."

"Na kama dereva leseni yake imekwisha muda?" Rehema akauliza. Hilo halikuwamo daftarini.

"Hapo kampuni ina haki ya kukataa." Bwana yule akanigeukia. "Gari hili kwa kawaida anaendesha nani?"

"Mimi."

"Unabeba nini?"

"Mihogo," nikajibu. "Na wenye mihogo."

"Wanakaa wapi?"

"Nyuma. Juu ya magunia."

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kwenye makaratasi yangu gari lile ni la mizigo, na mtu aliyekaa juu ya gunia hayumo popote. Ndipo ikanijia siku ile ya masika, njia ya Maneromango, gari liliposerereka kwenye utelezi likasimama ukingoni mwa mtaro, na kina mama wanne nyuma wakipiga kelele huku wakicheka. Siku ile nami nilicheka. Nilijisifu hata, nikasema hapo angekuwa dereva mwingine mngezikwa. Nikiwa nimekaa mbele ya feni ile, nilishindwa kumtazama binti yangu.

Mchana tulikula kwa dada Mwajuma, ugali na kisamvu. Nilikuwa nikipanga namna ya kumweleza Mwanaidi kwamba tulipata tatizo dogo la makaratasi.

"Baba, mama akiniuliza mimi nitamwambia kweli," Rehema alisema.

"Sijakuomba useme uongo."

"Najua. Nimekuambia tu, ili uwahi kusema wewe."

Dada akajifanya anaongeza mboga. Nikatoka uani, nikampigia mke wangu, nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo ufunguo nilipaswa nikunyime wewe?" Nikasema ndiyo.

Siku ya tatu leseni yangu ilikuwa imeshahuishwa, nikarudi Masaki peke yangu. Rehema alibaki kwa shangazi yake, akaandikishwa shule ya udereva. Jioni alinitumia ujumbe kwamba mwalimu wao amesema wanaotoka vijijini ndio wagumu kufundishika, kwa sababu huwa wameshafundishwa na baba zao. Yeye akasifiwa kwa kutojua kitu.

Alipofaulu na kupata leseni, nilimfuata kwa kirikuu. Nilikuwa nimeshamwandikisha kwa wakala awe dereva wa pili, na mkataba tuliusoma wote wawili, yeye kwa sauti. Kurudi aliendesha yeye. Makorongo aliyakwepa moja moja, na kwenye kila kona aliwasha indiketa.

Saa tisa alasiri tuliingia Masaki. Kina mama watano walikuwa wanangoja barabarani na magunia yao, mbele yao Bi Pili, ambaye nimembeba tangu nilipolinunua gari. Walimpigia Rehema vigelegele kuona kashika usukani. Wakapakia magunia, kisha Bi Pili akaweka mguu kwenye tairi ili apande.

"Shikamoo, bibi," Rehema alisema. "Mihogo tutaipeleka, lakini watu hatupakii nyuma."

"Marahaba. Hebu niache nipande, mjukuu wangu. Baba yako mbona anatubeba miaka yote?"

Rehema akaniangalia. Angeweza kumjibu, majibu yote alikuwa nayo. Akaniachia mimi.

Nikashuka. Nikawaambia kwamba kwa karibu miaka miwili niliwabeba bila leseni iliyo hai, na kwamba kama yeyote kati yao angevunjika mguu nisingekuwa na bima ya kumtibia. Niliwaomba radhi. Mmoja alisema yaliyopita yamepita. Bi Pili hakusema hivyo. Aliuteremsha mguu wake taratibu, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuniita dereva.

"Salumu," alisema, "nilikuwa nampakata mjukuu wangu mdogo humo nyuma."

Akaenda kusimamisha bodaboda. Mihogo yake aliniachia, nafsi yake hakuniachia tena.

Wanaoniuliza nilichojifunza Kibaha huwa nawaambia habari za umri, madaraja ya leseni na bima ndogo na kubwa, na wengi hushukuru na kwenda zao. Ukweli ni kwamba hayo aliyajifunza Rehema. Mimi nilijifunza kwamba tangu siku nilipopewa leseni sikuwahi kuuliza swali hata moja, na kwamba watu walionipandia nyuma walidhani nimeshauliza.