Punje Kumi na Moja Mezani

Mnunuzi wa Omurushaka alikaanga kiganja kimoja cha kahawa yetu, akanusa, akairudisha yote. Inanuka, alisema, ila hajui inanuka nini. Baba akajua papo hapo: mafuta ya taa. Na koroboi iliyokaa karibu na magunia ilikuwa ya kibarua wetu, mtu mzima mwenye asili ya Burundi, aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

"Jumamosi uondoke," baba alimwambia.

"Mzee, koroboi yangu haivuji."

"Kahawa yenyewe imesema."

Mimi naosha vichupa kwenye maabara moja huko Bukoba. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kutaka kujua hakuombi cheti. Nikafunga kahawa kidogo kwenye mfuko, nikarudi nayo kutoka kwetu Kaisho hadi Bukoba nimeipakata kama mtoto, nikampa dada mmoja wa pale maabara anayeendesha mashine ya kuchambua harufu.

Mashine hiyo ina mrija mwembamba kama uzi, mrefu kama kutoka mlangoni kwetu hadi barabarani, umeviringishwa ndani ya joko. Harufu husukumwa humo kwa gesi. Nyepesi hutoka mapema. Nzito, na zile zinazong'ang'ania ukuta wa mrija, huchelewa.

Dada akanusa mfuko. "Mimi nasema kiazi. Kuna mdudu anatoboa kahawa ingali mtini, ikikaangwa inanuka kiazi kibichi. Shida, harufu yenyewe sina ya kulinganishia. Tutakisia itatoka dakika ya ngapi kwa umbo lake."

Akapanga punje za kahawa mezani kuonyesha umbo la harufu hiyo, kila punje atomu moja: sita duara, tatu za tawi lenye panda, mbili za mkia. Kisha akaingiza mashineni tone la mafuta ya taa. Kwenye kioo vikapanda vilima vilivyopangana kama nguzo za ua. Kila nguzo, alisema, ni mnyororo uliozidi wa nyuma yake kwa punje moja. "Hii ndiyo rula yetu."

Nikahesabu punje za mezani. "Basi itatoka kwenye nguzo ya punje kumi na moja!"

Akacheka. "Mawe! Umeshakuwa profesa. Punje hazina uzito sawa, bwana. Duara linachelewesha, panda inawahisha." Akapiga hesabu kwenye karatasi. "Lo. Kabla kidogo tu ya nguzo ya kumi na moja. Kwa saa, ni dakika ya kumi na mbili."

Tukaingiza kahawa yetu. Vilima vya kahawa vilichomoza hapa na pale. Zile nguzo za mafuta ya taa, hakuna. Dada akaniweka pua kwenye mdomo wa mrija, kwani harufu hii, alisema, ni kidogo mno, pua inaiwahi kabla ya mashine. Dakika ya kumi, mkate uliokaangwa. Ya kumi na moja, kitu kama nyasi. Ya kumi na mbili nikawa jikoni kwa mama, kisu mkononi, maganda ya viazi miguuni.

"Kiazi!" nikapiga kelele.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Nikampigia baba, nikamweleza yote, mdudu na nguzo na pua.

"Hata tone la mafuta?"

"Hata tone, baba."

Hakukata simu. Nikasikia majani makavu ya migomba yakivunjika chini ya miguu yake, kisha sauti yake, ya chini kuliko nilivyoizoea.

"Waitu, ndugu yangu, acha kufunga hilo godoro. Nilikukosea."

"Kamba nimeshaikaza, mzee," kibarua akajibu. "Njoo uifungue mwenyewe."