Vifaranga Weupe wa Kuku Mweusi

Kuku wangu mweusi aliangua vifaranga tisa, na wawili kati yao wakaota manyoya meupe. Jogoo mweusi, tetea mweusi, ndugu wa mama mmoja niliowanunua Kakiika, Mbarara. Weupe huo umetoka wapi? Hapa kwetu Nakivale mwenye kuku weupe alikuwa mmoja tu: jirani yangu Mkongo, niliyepika naye jiko moja tangu tufike kambini. Nikaamua kwamba amenibadilishia mayai.

Nilimwambia usoni. "Dada, mayai yako mi sikugusa ata moja," akasema. Nilihamisha sufuria zangu, na kila asubuhi nikawa nachungulia jalala lake nikitafuta maganda ya mayai yangu.

Siku moja nilikwenda Mbarara, nikamsimulia muuza dawa za mifugo wa mtaa wa Kakoba. Alicheka sana.

"Nyabo, mama, rangi inaweza kujificha ndani ya kuku. Nyeupe haitoki mpaka baba na mama wote wawili wawe nayo. Weka hiyo nyeusi na nyeupe. Watoto moja ikitoka nyeupe, jua ilikuwa nayo. Jaribu jogoo, jaribu na tetea."

Weupe hao ningewapata wapi, kama si kwa yule yule? Niliona haya, lakini hamu ya kumuumbua ilinizidi, nikamwomba. Aliniletea jogoo na tetea wake mwenyewe, miguu imefungwa kamba. Mwizi gani hutoa kuku wake kirahisi hivi? Mwizi mjanja, nikajijibu.

Niliwatenga jozi jozi, mweusi kwa mweupe, nikatia kufuli. Mayai ya wiki tatu za kwanza tuliyala, kwa sababu mbegu ya jogoo wa zamani hukawia ndani ya kuku. Yaliyofuata niliyatia alama ya kalamu, nami nikawa nayakagua kila nilipopita.

Yalipoanguliwa, viota vyote viwili vilikuwa na mchanganyiko: vifaranga weusi, na wengine wa manjano hafifu waliokuja kuwa weupe. Kufuli halikuguswa. Kumbe jogoo wangu na tetea wangu walikuwa na weupe ndani yao tangu Kakiika.

Nilimwita jirani aje aone. Alichuchumaa, akamshika kifaranga mmoja mweupe, akamrudisha kwa mama yake.

"Nisamehe, dada," nikasema. "Sasa nimeamini hukuniibia."

Alikuwa ameshaanza kuwafunga kuku wake miguu.

"Mi nilikuambia na kinywa yangu, ukakatala," akasema. "Kuku njo umeamini, si mi."