Upatu Usio na Zamu

Hapa Irving, huku ughaibuni, kijumbe wa upatu wetu ni mimi, na tangu nianze hakuna aliyewahi kulalamika. Wauguzi wamo, wenye digrii wamo, na wote wanamletea fedha mtu wa darasa la saba. Kwa hiyo mwaka 2018, kampuni ninayopakia vyakula vya abiria wa ndege ilipotuita kutueleza akiba ya kustaafu, ile wanayoiita 401(k), nilikaa kiti cha mbele kabisa. Mambo ya kuchangishana nani angenifundisha?

Dada wa ofisini akaeleza: unakatwa kidogo kila mshahara, na kampuni inakuongezea kiasi kilekile, mpaka kiwango fulani. Nikanyoosha mkono.

"Samahani dada, nani anapokea kwanza?"

"Anapokea nini?"

"Mzunguko wa kwanza. Kungoja naweza, ila nijue zamu yangu."

Mkenya mmoja wa Arlington ninayepakia naye akaangua kicheko. "Mzee, hii si chama, huo upatu wenu! Hakuna zamu. Kila mtu na account yake."

"Na tajiri mwenye kampuni anayetia, yeye anapokea lini?"

"Hapokei kitu!"

Nilisimama wima. Upatu ambao mtu anatia na hapokei! Wenzangu wanacheka, mimi najiona nimeshinda bahati nasibu. Nikataka kusaini palepale. Dada akasema nichague kwanza mfuko wa kuwekezea fedha, mwisho Ijumaa. Nikipitiwa, ningoje mwaka mwingine.

Nyumbani mke wangu alikuwa anakaanga samaki. Nikamweleza kwa mikono miwili. Hakugeuka.

"Baba watoto, na bati?"

Nyumba yetu ya Morogoro ilikuwa imesimama kuta tupu, na mama yake, anayeishi chumba cha kupanga kinachovuja, ndiye wa kuhamia. Fedha za bati zilikuwa zitoke kwenye zamu yangu ya upatu. Nikikatwa kazini, mchango wa upatu nitautoa wapi?

"Mama ananyeshewa, wewe unaficha hela usizozishika mpaka uzeeke," akasema.

"Siachi upatu. Naacha pikapu."

Hapo akageuka. Ile pikapu nyeusi nilishaijaribu barabarani mara mbili, na msikitini kila mtu alijua inakuja. Bila mkopo wake, mshahara ulitosha upatu na akiba.

"Wewe? Uache pikapu?" Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Haya, weka. Ila kile tu anachokulinganishia tajiri, usizidishe."

Kuchagua mfuko hakukunisumbua. Nilichukua ulioandikwa mwaka wangu wa kustaafu: sasa hivi fedha nyingi zinakaa kwenye hisa, na kadiri mwaka ule unavyokaribia wanazihamishia wenyewe penye utulivu. Ni kama kupika wali. Moto mkali mwanzo, maji yakikauka unapalia makaa. Waliosoma walikuwa bado wanaulizana, mimi nimemaliza.

Ijumaa nikasaini. Penye mrithi nikaandika mke wangu, nikampigia kabla sijatoka ofisini. Alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Sasa mama nimwambie nini?"

"Mwambie aanze kufungasha. Bati zinaezekwa kabla ya masika."

Akapiga kigelegele hukohuko, na kwa mbali nikamsikia bibi mmoja wa Kizungu akiuliza harusi ni ya nani.