Dawa ya Mdomo Wangu

Kwa miaka ishirini na sita nimeshona nguo na kuwasema wenye nguo, na kazi zote mbili nimezifanya kwa moyo. Mteja akileta kitambaa chenye maua makubwa kama sahani, nilimwambia akashone pazia. Akitaka suruali ya kubana, nilimuuliza kama siku ya sherehe atakaa au atasimama mpaka watu waondoke. Nilijiona mkweli. Mke wangu aliniona nina mdomo mchafu tu.

Siku moja nilimfokea muuza vifungo mpaka nikaona nyota mchana kweupe, nikashikilia cherehani nisianguke. Mke wangu akanikokota hospitali. Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wangu, akanifunga mkono, akapima, akaguna. Presha ilikuwa juu.

"Nani presha yake isingepanda, akifungwa mkono na mtu asiyemjua?" nikamuuliza.

Akaliandika na hilo, nadhani kama dalili.

Nikapewa kidonge cha kila asubuhi, ambacho sina ugomvi nacho, na karatasi ya masharti. Vuta pumzi. Hesabu mpaka kumi. Ongea kwa upole. Usibishane. Kumbe ugonjwa wangu ulikuwa mimi mwenyewe! Mke wangu akaibandika ukutani juu ya cherehani, kisha akahamishia kigoda chake mlangoni, anilinde.

Basi nikapona. Maua ya sahani nikayaambia yatapendeza. Suruali za kubana nikazibana. Nilitegemea wateja waulize fundi wao wa zamani yuko wapi. Thubutu! Waliongezeka. Jirani yangu, mshona viatu, alisema sasa hata hewa ya kibandani inavutika. Iliniuma sana. Miaka yote hiyo nilijidhani chumvi ya mtaa, kumbe nilikuwa mchanga kwenye mboga.

Ndipo akaja mwalimu mstaafu, mteja wangu tangu anafundisha, na kitambaa cha bluu cha harusi ya bintiye. Nikampima kiuno. Nikatazama daftari langu la vipimo, nikampima tena. Inchi nne zilikuwa zimeondoka.

"Nimekonda, fundi?"

Mlangoni mke wangu akakohoa. Nikavuta pumzi, nikahesabu mpaka kumi, nikaanza upya.

"Hapana, mwalimu. Uko vilevile."

Akanitazama, akaanza kukunja kitambaa chake.

"Unakwenda wapi?"

"Mjini. Kama ni kudanganywa, kule wanakudanganya na chai wanakupa." Akakitia kitambaa kwapani. "Tangu nianze matibabu kila mtu ananiambia niko vilevile. Watoto, majirani, hata wauguzi. Mimi najiona kwenye kioo, fundi. Nilisema angalau wewe, na huo mdomo wako."

Niliona aibu ambayo matusi yangu yote hayajawahi kunipa. Woga wangu nilikuwa nimeuita upole, nikaisingizia hospitali.

"Umekonda, mwalimu," nikasema. "Inchi nne. Lile gauni la mwaka jana leo mngeingia wewe na mumeo, na nafasi ya mgeni ikabaki."

Mke wangu akafunika uso kwa mikono. Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia kidogo, kisha akafuta macho kwa pindo la kile kitambaa cha bluu na kunirudishia.

"Haya, nishonee mimi wa leo," akasema. "Yule wa mwaka jana usimngoje."