Kucha ya Kidole cha Pete

Kucha niliyorekodia wimbo wa mwisho wa kanda yangu ilikatwa kutoka kwenye mpira wa tenisi ya mezani. Fundi wa sauti aliukata kwa mkasi wa jikoni, nami nikakibandika kipande kwa supaglu kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia. Tukaendelea na kazi.

Kucha yangu halisi ilikuwa imevunjika juzi yake. Sisi wapigaji wa flamenko, muziki wa gitaa wa kusini mwa Hispania, hufyatua nyuzi kwa kucha zetu wenyewe, kidole baada ya kidole, kama mtu anayekung'uta maji mkononi. Lakini riziki yangu ya mchana ilikuwa katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko ughaibuni, mjini Coon Rapids, ambako mgonjwa hugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, na shuka haina huruma na kucha.

Kucha zangu zilikuwa zimedumu hadi hapo kwa sababu ya mwenzangu wa zamu, mama mmoja Mkenya. Alijitwika kugeuza wazee, mimi akaniachia viti vya magurudumu na sinia za chakula.

"Kaka, hina tunaweka lini?" alikuwa akiniuliza mbele ya watu.

"Ukishanitafutia posa, dada."

"Nani ataoa mtu hata sufuria hawezi kusugua? Enda, peleka uji. Huyu mzee ni wangu."

Siku aliyopumzika nilimgeuza mzee mmoja mimi mwenyewe. Kucha ikanasa kwenye shuka, ikakatika hadi nyamani.

Tulirekodia katika chumba cha chini ya nyumba ya fundi, mjini Oakdale, kando ya meza yake ya tenisi. Mashine ya kupasha nyumba joto ilinguruma hadi kwenye kanda, kwa hiyo tuliizima kila tulipoanza. Tulirekodi dakika kumi, kisha tukaiwasha na kusimama mbele yake tukipasha mikono. Mara ya tatu nilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga. Karibu na mwisho kipande kikabanduka, kikagonga ubao wa gitaa: tak! Nikamalizia kwa vidole vilivyobaki.

"Hiyo ndiyo," alisema fundi.

"Kucha imesikika."

"Imesikika. Tuiache."

Tuliiacha. Hata leo nikiisikia ile tak namkumbuka yule mama; miezi yote aliyoinua wazee peke yake imo ndani ya kanda ile.

Lakini kanda hurudiwa, jukwaa halirudiwi. Wiki tatu mbele nilikuwa nimpigie gitaa mcheza dansi katika ukumbi wa kanisa mjini Saint Paul, saa nzima, naye hufuata gitaa kwa visigino. Kucha ya gundi isingefika nusu ya saa hiyo. Ilibidi yangu iote, ipite ncha ya kidole ndipo iweze kushika uzi.

Yule mama alinunua tiketi, akakataa kunipa mzee hata mmoja. Kila asubuhi alidai kukiona kidole. Alhamisi, siku mbili kabla ya onyesho, alinivuta dirishani penye mwanga wa theluji, akakitazama kama anavyosoma kipimajoto.

"Imefika?" nikauliza.

"Nyamaza kwanza."

Alikigeuza upande, akakigeuza tena. Kucha ilikuwa imelingana na ncha ya kidole, haijaipita. "Bado kidogo," akasema, "leo pia wazee wote ni wangu."