Mahindi Mbele ya Gari la Taka

Kabla hujamcheka Yasinta kwa kwenda kununua nyumba damponi, kwanza nikwambie amefukuzwa mara ngapi. Mara sita! Na si kwamba halipi kodi, maana kodi yake hufika kabla ya tarehe. Alifukuzwa kwa sababu ya moshi. Yasinta ni mpishi wa shughuli. Harusi, kipaimara, jubilei ya padri, msiba, popote Songea watu mia tatu wanapotakiwa kula washibe, anaitwa yeye. Ana masufuria manne ambayo mtoto wa darasa la tatu anaoga ndani na nafasi inabaki, ana mafiga ya chuma, ana kuni zake kavu za kutosha wiki mbili. Sasa niambie, mali kama hiyo utaiweka wapi kwenye chumba na sebule? Unaiweka uani. Na mwenye nyumba akitoka asubuhi akaiona, ananuna mpaka jioni.

Wa kwanza, kule Matogoro, alisema moshi unamchafulia ukuta. Wa pili alisema kuni zinaleta nyoka. Wa sita, mwaka huu mwezi wa tano, hata sababu hakutoa. Alimwambia tu, "Mama Careen, mpaka mwezi wa nane uwe umepata kwingine," kisha akaingia ndani kuangalia tamthilia yake. Miaka kumi na tisa ya kupanga, unaagwa kwa sentensi moja! Yasinta alikaa juu ya sufuria lililofunikwa, akaapa mbele ya mumewe Pankrasi kwamba mwenye nyumba wa saba hatakuwepo.

Pankrasi ni fundi cherehani, mtu mpole ambaye hata kitambaa akikikata huonekana kama anakiomba radhi. Alisema tu, "Haya, tutafute."

Wakatafuta. Nyumba walizozipenda hazikuwapenda wao. Halafu wakasikia kuna bibi mmoja anaitwa Benigna, pembezoni kabisa mwa Mshangano, anauza nyumba ahamie Namtumbo kwa binti yake. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati zima, maji ya bomba, na uwanja wa kupikia harusi mbili kwa mpigo. Bei yake ilikuwa ya kutupwa. Na wewe msomaji umeshajua kwa nini, usijifanye. Ilikuwa jirani na dampo.

Siku ya kwenda kuiona, wifi yake Leticia alijitolea kuwasindikiza. Mh, kusindikiza! Alikwenda kutafuta cha kusimulia jumuiyani. Walipofika, kabla hata ya shikamoo, Leticia alikuwa ameshajifunga kanga puani. Na tusidanganyane, harufu ilikuwepo. Nyuma ya jiko la bibi kulikuwa na marundo matatu ya taka, mifuko imenasa kwenye ua, na nzi wanavuma kama wamekodishwa.

"Shikamoo, bibi," Yasinta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Samahanini kwa hali mnayoiona."

Yasinta alifungua mkoba, akatoa sahani ya bati na kifuko cha dagaa wa Nyasa, akawamwaga sahanini na kuwaweka wazi katikati ya uwanja. Hiki ndicho kipimo chake, na amekitumia tangu alipoanza kazi. Akiitwa kwenye nyumba ya shughuli, hasikilizi mtu anayemwonyesha pa kuweka mafiga. Anaweka dagaa wazi, anasali Salamu Maria kumi polepole, kisha anahesabu nzi sahanini. Wakizidi kumi, hapiki hapo, hata mwenye harusi awe nani. Wamemwita mchawi, wamemwita mwenye maringo, lakini hajawahi kulaza mtu hospitali kwa chakula chake.

Alipomaliza Salamu Maria ya kumi alianza kuhesabu. Alipofika sitini aliacha.

"Si unaona?" Leticia alidakia. "Wifi, nani atakula pilau ya mama wa dampo? Watu watakukimbia. Utabaki unapikia panya."

Neno hilo lilimchoma, nisikufiche. Yasinta hana shahada, hana ng'ombe, ana jina lake la upishi tu. Nyumba aliitaka sana, lakini jina likiharibika, hiyo nyumba ataishi ndani yake akila nini? Aliokota sahani yake, akawamwagia kuku wale dagaa, akawa anaaga.

Hapo ndipo gari la taka lilipoingia. Lilipita ubavuni mwa nyumba, karibu kabisa na dirisha la bibi, likarudi kinyumenyume, likamwaga mzigo wote pale pale nyuma ya jiko. Dereva hata injini hakuzima. Likaondoka.

"Bibi," Yasinta aliuliza, "dampo lenyewe liko wapi?"

Bibi Benigna alinyoosha mkono kuelekea bondeni. Kule chini, hatua kama mia nne hivi, kulikuwa na shimo kubwa lenye uzio, na barabara yake imezunguka kwa upande wa juu.

"Kwa hiyo hapa si dampo?"

"Hapa ni kwangu, mwanangu. Mwaka juzi mvua ilikata barabara yao, wakaja kuniomba wapite kwa wiki moja. Nikawaambia piteni tu, wanangu. Barabara ilishachongwa siku nyingi, lakini wao bado wanapita. Na wakiona uvivu kufika shimoni, wanamwaga hapa. Nimesema mpaka nimechoka. Mimi ni mtu mzima, nitapigana na lori?"

Lo! Yasinta alihisi damu inapanda mpaka masikioni. Akamgeukia mumewe. "Baba Careen, umesikia? Hawa nzi si wa dampo. Ni wa uvivu wa mtu."

"Nimesikia," Pankrasi alisema. "Lakini sisi si watu wa kukaa jalalani. Twende tukatafute kwingine."

"Tukatafute nini, mwenye nyumba wa saba?"

Yasinta akamwomba bibi siku kumi na nne asimwuzie mtu mwingine, na akamwomba ruhusa ya kuanika mahindi yake uwanjani. Bibi alishangaa, lakini akakubali.

Kesho yake, Yasinta alikodi kirikuu, akapakia magunia yote manane waliyovuna Madaba, chakula chao cha mwaka mzima, akayapeleka kwa Bibi Benigna. Hakuyaanika uwanjani. Alitandika maturubai kwenye ile njia ya lori, kuanzia dirishani kwa bibi mpaka nyuma ya jiko, akamwaga mahindi yote, akayasawazisha kwa mikono. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akaanza kumenya vitunguu saumu.

Wewe kama si mtu wa Ruvuma unaweza ukaona ni uchizi. Sisi tunajijua. Msimu wa kuanika, mahindi yako uani, yako barazani, yako kando ya lami, na gari likija linakwepa. Mtukane mtu wa huku, huenda akacheka. Kanyaga mahindi yake, utahama mji. Hata mlevi aliyetoka kunywa ulanzi, asiyejua njia ya kwake, akifika kwenye mahindi anazunguka.

Lori lilikuja saa nne. Likapiga honi. Yasinta akaendelea na vitunguu vyake. Likapiga tena, refu. Mwishowe dereva akashuka, kijana mmoja anaitwa Remmy, amevaa buti na fulana ya mpira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, naomba utoe mahindi nipite."

"Pita."

"Nitapitaje na mahindi yapo?"

"Si una magurudumu kumi? Pita juu yake. Mimi sijakuzuia."

Remmy alicheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona mama hacheki, naye akaacha. Akaangalia mahindi. Yalikuwa meupe, makubwa, hayana wadudu. Akavua kofia, akajikuna.

"Mama, unanitafutia laana. Mimi mwenyewe ni wa Madaba. Mama yangu akisikia nimekanyaga mahindi ya mtu, nyumbani sirudi."

"Yametoka huko huko Madaba. Labda shamba letu linapakana na la mama yako. Kanyaga basi, halafu nitakwenda kumwambia mimi mwenyewe."

"Aah, mama!"

"Na uchafu unaomwaga dirishani kwa bibi huyu, hiyo si laana? Ile unaiitaje?"

Remmy alipanda lori, akarudi nyuma, akazunguka kwa barabara ya juu mpaka shimoni. Yasinta alisikia mlio wa kumwaga ukitokea mbali, bondeni, kwa mara ya kwanza. Bibi Benigna alitoka mlangoni akapiga kigelegele, na kumbe kwa uzee wake sauti bado ipo.

Pankrasi alipofika mchana na chakula, akakuta akiba yote ya mwaka imelala mbele ya njia ya malori, alishika kichwa. "Mama Careen! Akitokea mmoja mwenye roho mbaya je? Tutakula nini?"

"Tutakula hasira," Yasinta alimjibu. Lakini moyoni aliogopa, na siku ile hakuondoka kwenye ndoo hata kwenda msalani mpaka mumewe alipokubali kuikalia kwa zamu.

Siku ya tatu msimamizi wa mkandarasi wa taka alikuja na pikipiki, mwenye simu mbili na maneno mengi. Barabara ni ya umma, mama anazuia huduma, mama atawekwa ndani. Alikuja na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Romwaldi, ili awe shahidi wake.

"Kama ni barabara ya umma, onyesheni kwenye ramani," Yasinta alisema. "Kama ni kiwanja cha bibi, onyesheni bikoni, lile jiwe la mpaka."

Mzee Romwaldi alikohoa. Bikoni ya nyuma ilikuwa haionekani. Bibi Benigna akasema anajua ilipo, ila amekosa wa kuichimbua, kisha akaonyesha kwa fimbo katikati ya rundo kubwa kuliko yote. Thubutu msimamizi kusogea! Yasinta alipandisha gauni, akachukua jembe, akaanza kuvuta taka. Baada ya kitambo Pankrasi, yule yule mpole, alikunja suruali akaingia naye. Walitoa mifuko, vigae, nepi za watoto, mpaka jembe likagonga saruji. Bikoni ilikuwa pale pale, na namba yake inasomeka. Njia ya lori ilikuwa ndani ya kiwanja kwa hatua kumi na tano.

Mzee Romwaldi, ambaye miaka miwili alikuwa anawaambia watu ile ni barabara ya mtaa, aliinama akaisoma namba. Halafu akamgeukia msimamizi. "Mtazunguka kwa juu," akasema. "Na haya marundo mtayaondoa." Msimamizi akawasha pikipiki yake akaondoka bila kuaga. Marundo mawili yaliondolewa wiki ile. La tatu wanaliahidi mpaka leo, na Yasinta amelifukia mwenyewe.

Siku ya kumi na tatu alileta tena sahani yake ya bati na dagaa wake. Safari hii Pankrasi ndiye aliyesali, na alivyokuwa anavuta maneno ungedhani anaongoza rozari kanisa zima. Walipohesabu walipata nzi tisa. Yasinta akarudia mchana jua likiwa kali. Wanane.

Leticia alipopata habari alikuja mbio. "Hata kama ni wanane, wifi, harufu je? Upepo ukigeuka?"

"Harufu nitaisikia. Pua yangu haijaziba. Na nitakapoisikia nitakwenda kwa mwenyekiti, nikitoka hapo nitakwenda manispaa, mpaka wanione nikija wajifiche chini ya meza. Kwa mwenye nyumba nilikuwa nikisema nafukuzwa. Kwangu nitasema, na nitalala pale pale."

"Na watu wakikuita mama wa dampo?"

"Waniite tu. Wakija harusini wataniambia kama pilau ina dampo ndani."

Basi, wakakutana ofisi ya mtaa kuandikishana, Bibi Benigna na shahidi wake, Yasinta na Pankrasi wake. Mzee Romwaldi alivaa miwani, akawa anaandika hati ya mauziano huku anasoma kwa sauti. Majina, namba ya kiwanja, ukubwa. Alipofika kwenye mipaka alipunguza mwendo.

"Mashariki inapakana na Saimon. Magharibi inapakana na barabara ya mtaa. Kaskazini inapakana na Nasrin. Kusini inapakana na eneo la dampo."

Yasinta aliweka kidole juu ya karatasi. "Futa hilo la mwisho."

"Nifute vipi, mama, wakati dampo lipo?"

"Lipo, sijakataa. Lakini wewe unaandika kama vile lenyewe ndilo lenye nyumba na mimi nimejibanza pembeni. Andika: dampo linapakana na nyumba ya Yasinta Mbawala, na linaishia hapo."

"Hati haiandikwi hivyo."

"Yangu inaandikwa hivyo."

Mzee Romwaldi alimtazama Pankrasi, kama wanaume wanavyotazamana wanapotaka kuokolewa. Pankrasi alikuwa anamtazama mkewe.

"Mwandikie, mzee," akasema. "Na uandike kwa herufi kubwa."