Mawese Kwenye Kibodi ya Veneranda

Kuna watu wakisikia kitu kinalia, hata kama kinalia kwa sababu kinafanya kazi, hawatulii mpaka wakipake mafuta. Dismasi, mume wa Veneranda, ni mmoja wao. Nyumbani kwao Gungu hakuna kilichonusurika na chupa yake ya mawese: bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, vifua vya wajukuu wakikohoa. Basi Jumatatu moja asubuhi Veneranda alifungua kibanda chake cha kuchapa barua, hapo mbele ya nyumba, akabonyeza herufi ya kwanza. Kitufe kikazama, kisirudi.

Akabonyeza kingine. Nacho kikazama. Akatoa tusi ambalo mwanakwaya hatakiwi hata kulijua.

Kibodi hiyo aliiokota parokiani alikokuwa karani, siku walipoleta mpya wakataka kuitupa. Ni nzito kama tofali, na kila kitufe kina springi yake, ukikibonyeza kinapiga ta! Vijana humcheka, eti anunue ya kisasa. Wangejua! Miaka miwili sasa macho ya Veneranda yamekuwa yakififia, herufi zote zimegeuka ukungu, na anachapa kwa kupapasa na kwa kusikiliza mlio ule. Mteja akimletea maandishi ya mkono humfokea, "Nisomee mwenyewe, mwandiko gani huu kama kuku kaparua!" Watu humwona mkali tu, naye huwaacha waamini hivyo.

Aliyefichwa siri hiyo kuliko wote ni Dismasi. Dada yake Dismasi, Scola, alipopofuka kule Kasulu, ndugu walimnyang'anya jembe, kisu, hata ufagio, wakamkalisha kama mgeni mpaka walipomzika. Dismasi aliona ni sawa kabisa. "Asiyeona kazi yake ni kupumzika," alisema. Veneranda aliapa moyoni kwamba yeye hatapumzishwa na mtu.

Aliipakata kibodi kwenye bodaboda hadi Katubuka, kwa fundi Nasri. Nasri aliigonga kwa kidole mara mbili.

"Mama, hii imekufa. Ubao wa ndani umeoza."

"Umeufungua ukauona?"

"Hapana, lakini kwa uzoefu wangu..."

"Uzoefu wa kuzika walio hai!" Akainyakua na kuondoka.

Kibandani alikibandua kifuniko cha kitufe kimoja kwa mpini wa kijiko, akapitisha kidole chini yake, akanusa. Mawese. Yalikuwa yameganda kwa baridi ya asubuhi, yameishika springi isinyanyuke.

"Baba Agnesi!"

Gungu nzima ilisikia. Dismasi alikuja mbio, akaona kijiko na kibodi, akaelewa.

"Vidole vyako vimevimba, Mama Agnesi. Nikaona vitufe vigumu, nikasema nivilainishe. Tone moja moja tu."

"Vyote?"

"Vyote."

"Ungemimina na maharage basi tule! Miaka arobaini nakuambia mafuta si dawa ya kila kitu! Leta maji ya moto. Leta sabuni. Na ukinijibu nakumwagia!"

Dismasi alibandua vifuniko vyote akaviosha kwenye beseni. Veneranda alisafisha springi moja baada ya nyingine kwa pamba na spiriti, huku akimsema mumewe, akimsema Nasri, akiwasema watengeneza kibodi bapa wa dunia nzima. Kila springi ilipopona ilipiga ta, naye akasonga kwenye nyingine. Jua lilikuwa limeshapinda Dismasi alipokausha vifuniko na kuvirudisha kimoja kimoja.

"Umevipanga sawa?"

"Sawa kabisa."

Veneranda alichomeka waya kwenye kompyuta, akapima nafasi ya vidole kutoka ukingoni, akaanza kuchapa: Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mlio ulikuwa safi. Hasira zilianza kumpungua.

Nyuma yake Dismasi alitazama vitufe, akatazama skrini, akarudi kwenye vitufe.

"Mama Agnesi," alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa mpakia mizigo gatini, mpangilio wa vitu hivi siujui. Nimevipanga A, B, C, D, kama darasa la kwanza. Nawe umeketi ukaandika bila kuuliza neno. Tangu lini huoni?"

Vidole vya Veneranda viliganda. Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amechoka kudanganya, na uchovu huo nao ukamtia hasira.

"Tangu mwaka juzi! Na ukitamka kupumzika, utatafuta mke wa kupumzika naye. Vuta stuli. Hapo pana karatasi ya mzee mmoja wa Buzebazeba, anakuja kuichukua leo. Soma."

Dismasi alivuta stuli, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza kusoma polepole, neno kwa neno, kwa sauti kubwa.

"Punguza sauti," Veneranda alifoka, akichapa. "Mimi si kiziwi."